Jeneza Liko Tayari, Mzazi Hana Gari

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe vyote, Ambaye humsawiri mwanadamu ndani ya tumbo la mamake kama Apendavyo. Rehma na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Lamu, Malindi, Tanga na Unguja! Twawaandikia maneno haya kutoka Nakuru, katika Bonde la Ufa. Mji huu si mgeni kwenu. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1900, na tangu siku hizo Nakuru haikukosa watu wa pwani. Walikuja wakiwa mafundi na makarani, wapishi na wachuuzi, wakakaa pamoja na Wanubi, Wasomali na Waislamu wa Kihindi, wakajenga misikiti na vyuo. Leo Nakuru ina hadhi ya jiji, iliyopewa tarehe 1 Disemba 2021, na kaunti yake ilihesabiwa watu 2,162,202 katika sensa ya mwaka 2019. Wengi wenu mna binti, dada au mpwa aliyeolewa huku. Basi haya tutakayoyasema ni yenu kama yalivyo yetu.

Jambo lenyewe ni haki ya uzazi. Msilikimbie neno hili kwa kudhani kuwa ni geni. Ni kweli kwamba wanawake weusi wa Marekani waliokutana Chicago mwaka 1994 ndio waliolieneza jina hilo, wakasema kuwa mwanamke ana haki ya kuzaa, na haki ya kutozaa, na haki ya kuwalea watoto wake katika amani. Si kila linalosemwa kwa jina hilo twalikubali, kwani sisi tuna mizani yetu. Walakini tukilipima kwa mizani hiyo twaona kuwa sehemu yake kubwa tulipewa zamani, tukaiweka kabatini.

Katika Sura ya Luqman Mwenyezi Mungu ametukumbusha kuwa mama huchukua mimba udhaifu juu ya udhaifu. Katika Sura ya al-Baqara ameweka muda wa kunyonyesha kuwa miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza, akamlazimu baba chakula na nguo za mama, na akaamuru kuwa kumwachisha mtoto ziwa kuwe kwa ridhaa na mashauriano ya wote wawili. Na katika Sura ya at-Talaq, hata mwanamke aliyeachwa, akiwa na mimba, ni wajibu atazamwe kwa makao na matumizi mpaka ajifungue. Tazameni, ndugu zetu! Hapa pana chakula, makao, mapumziko na mashauri. Haki gani zaidi ya hizi?

Kisha tuiangalie Sura ya Maryam, ambayo tunaisoma sana na kuizingatia kidogo. Bibi Maryam alishikwa na utungu akiwa peke yake, mbali na watu wake, akaegemea shina la mtende. Uchungu na hofu ya maneno ya watu vikamfika hata akatamani lau angalikuwa amekufa zamani na kusahauliwa. Je, alipewa nini na Mola wake katika saa ile? Kwanza aliambiwa asihuzunike. Akapewa mto wa maji chini yake. Akapewa tende mbivu. Akaambiwa ale, anywe, aburudike. Na mwisho akapewa ruhusa ya kutosema na mtu yeyote siku ile, yaani akapumzishwa na maswali ya watu. Huo ndio mpango wa Mwenyezi Mungu kwa mwanamke aliye katika utungu: maneno mema, maji, chakula, utulivu, na sitara. Basi na tujiulize: mwanamke wa Nakuru, wa Naivasha, wa Molo au wa Eldama Ravine akishikwa na utungu usiku, sisi tulio jirani zake twampa lipi katika hayo?

Khabari zilizopo hazifurahishi. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini Kenya, mama 355 walikufa kwa sababu za uzazi. Maana yake ni kuwa kwa kadiri ya kila watoto 282 wanaozaliwa, mama mmoja huzikwa. Mataifa ya ulimwengu yameweka lengo kuwa ifikapo mwaka 2030 hesabu hiyo duniani iwe chini ya 70. Tuko mbali sana na hapo.

Na mama hawa hawafi kwa maradhi yasiyojulikana. Wengi hufa kwa kutokwa na damu baada ya kuzaa, au kwa kifafa cha mimba kinachotokana na shinikizo la damu, au kwa homa ya uzazi, au kwa mtoto kukwama njiani. Haya yote yana dawa. Lakini damu ikifunguka huweza kumwua mwanamke mwenye siha yake katika muda wa saa mbili. Kwa hivyo waganga husema kuwa anayemwua mzazi hasa ni kuchelewa, nako ni kwa namna tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Kuamua huchelewa kwa sababu mume hayupo, au mama mkwe asema yeye alizaa saba hapo hapo kitandani, au nyumba nzima yaogopa gharama. Njia nayo huchelewesha. Kutoka Marigat hadi hospitali kuu ya Nakuru ni kadiri ya kilomita 100, na mvua za masika zikinyesha katika miinuko ya Kuresoi, barabara za udongo huwa tope tupu. Hospitali hiyo, iliyokuwa ikiitwa Hospitali Kuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa, hupokea wagonjwa wa kaunti yake na wa kaunti jirani. Wengi hufika hali ya kuwa nguvu zimewaishia. Na ndani ya hospitali, damu huenda isiwepo, au mkunga akawa mmoja kwa wazazi wengi. Uchunguzi wa afya uliofanywa na serikali mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake 82 katika kila 100 walizalia katika hospitali au zahanati. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo kufika hospitali si mwisho wa safari. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilihukumu kuwa mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya deni walivunjiwa haki zao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia mama aliyejifungua sakafuni katika hospitali ya serikali. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imemthibitishia kila mtu haki ya matibabu, na ikaitaja khasa afya ya uzazi. Haki iko karatasini. Kuishusha mpaka kitandani ni kazi ya watu.

Sasa tuseme lile lililotufanya tushike kalamu. Ingieni msikiti wowote wa mji huu, au wa mji wenu, muulize: liko wapi jeneza? Mtaonyeshwa mara moja. Ulizeni: nani anunuaye sanda? Mtatajiwa mtu. Ulizeni: akifa maskini usiku, nani atachimba kaburi? Mtaambiwa vijana wapo, na fungu la mazishi lipo, na gari lipo. Alhamdulillahi, hili ni jambo jema, nalo ni faradhi ya kutoshelezana: wakilifanya baadhi, wengine wamesalimika, wakiliacha wote, wote wamepata dhambi. Kisha ulizeni: mwanamke maskini akishikwa na utungu usiku huo huo, gari lake ni lipi, fungu lake ni lipi, na nani wa kupigiwa simu? Hapo mtaona watu wakitazamana.

Basi je, umma huu umejipanga vizuri kumbeba maiti na haukujipanga kumbeba aliye hai? Maiti hadhuriki akingoja saa mbili. Mzazi akingoja saa mbili huenda akawa maiti, ndipo twende na jeneza letu mbio mbio, na tumsalie, na tule hitima. Imam al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, ameuhesabu utabibu kuwa katika elimu za faradhi ya kutoshelezana, akawalaumu watu wa zama zake waliojazana katika fiqhi hata miji mingi ikawa haina tabibu Mwislamu. Ikiwa matibabu yote ni faradhi juu ya umma, kuokoa nafsi mbili kwa mara moja kutakuwaje sunna?

Huenda akasema msemaji: "Mwanamke akifa katika uzazi ni shahidi, basi kwa nini kuhuzunika?" Twajibu: Hadithi hiyo twaiamini, nayo ni liwazo kwa waliofiwa. Lakini aliyezama majini pia ametajwa kuwa shahidi. Je, ukimwona mtu anazama utakaa ufuoni umpongeze? Daraja ya shahidi ni fadhila ya Mwenyezi Mungu kwa aliyekufa. Si udhuru wa aliyemwacha afe.

Na atasema mwingine: "Haya ni mambo ya wanawake, hayatuhusu sisi wanaume." Huyu na asikilize waliyoyasimulia wanahistoria juu ya Sayyidna Umar bin al-Khattab. Usiku mmoja, akizunguka nje ya Madina, alikuta hema, na nje yake mwanamume ameketi, na ndani mkewe akiugua kwa utungu pasina mtu wa kumsaidia. Umar alirudi kwake, akamwamsha mkewe Ummu Kulthum binti wa Sayyidna Ali, akamuuliza kama ataka thawabu alizoletewa na Mola wake. Ummu Kulthum akachukua vitambaa na mahitaji ya mtoto, naye Umar akajitwika unga na mafuta. Yule bibi akaingia hemani kuzalisha, na khalifa wa Waislamu akakaa nje akipika na kupuliza moto, moshi ukimpita katika ndevu. Alipozaliwa mtoto ndipo mke alipomwita mumewe kwa jina la cheo chake, na yule mwanamume akashtuka kumjua ni nani aliyekuwa akimpikia. Amiri wa waumini hakuona haya kuwa mpishi wa mzazi asiyemjua. Sisi twaona haya kuuliza mke wa jirani ana miezi mingapi na ameandaa nini!

Na wako wanaosema kuwa kupishanisha uzazi ni hila ya Wazungu ya kuupunguza umma. Twasema: Sahaba Jabir bin Abdillahi amepokea kuwa wao walikuwa wakifanya azli katika zama za Mtume (s.a.w.), na hawakukatazwa. Imam al-Ghazali ameijuzisha, na akataja miongoni mwa nia zisizokatazwa kuhifadhi uhai wa mke na khatari ya utungu. Hatusemi watu walazimishwe. Kulazimisha ni dhulma, iwe kwa kuzaa au kwa kutozaa. Twasema mume na mke washauriane, wamwendee mkunga au daktari aliye mwaminifu, na mwanamke ambaye mwili wake haujapona asitiwe mzigo mwingine kwa kuogopa maneno ya baraza. Na aliyenyimwa watoto vile vile asitukanwe wala kuachwa kwa haraka, kwani mara nyingi sababu iko kwa mume, naye hataki kupimwa.

Jambo jengine, ndugu zetu, ni watoto wetu wa kike. Uchunguzi ule ule wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wasichana 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Katika kaunti ya Narok, jirani yetu, hesabu ilikuwa 28, na Samburu ikafika 50. Mwili wa mtoto haujawa tayari kwa kazi hiyo. Yeye ndiye wa kukwama, na ndiye wa kuchanika na kubaki akivuja mkojo maisha yake, mpaka mume amtupe. Sheria ya ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa miaka 18, na anayemwoza binti yake kabla ya hapo kwa kuikimbia aibu amemkimbiza mtoto kutoka katika aibu mpaka khatarini.

Na ukeketaji ambao ungaliko kwa baadhi ya watu wa bonde hili, sheria ya mwaka 2011 imeupiga marufuku. Mwaka 2014 waliokeketwa nchini walikuwa 21 katika kila wanawake 100, na mwaka 2022 wakawa 15. Wanavyuoni waliokutana Cairo Novemba 2006, wakiwamo wakuu wa al-Azhar, walitangaza kuwa ni desturi yenye madhara isiyo na asili katika Qur'ani wala hadithi sahihi. Basi asiitwe imamu yeyote kuubariki.

Na binti akipata mimba nje ya ndoa, je? Dhambi ni dhambi, hatuigeuzi jina. Lakini imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa mwanamke wa Juhaina alimjia Mtume (s.a.w.) akiwa na mimba ya zinaa, na Mtume akamwita walii wake, akamwamuru amfanyie wema mpaka ajifungue. Hilo ndilo agizo. Sisi twafanya kinyume: twamfukuza, twamtoa shuleni, na yule mwanamume twampa kiti barazani. Matokeo yake binti huenda gizani kwa mtu asiyejua lolote akaitoe mimba, akafa yeye. Kuharibu mimba baada ya siku 120 ni haramu kwa makubaliano ya wanavyuoni, illa kwa kuokoa maisha ya mama, ambaye ni shina na mtoto ni tawi; na kabla ya hapo wamekhitilafiana. Katiba nayo, katika kifungu cha 26, imeikataza illa kwa dharura ya matibabu au uhai au afya ya mama ikiwa khatarini kwa rai ya mganga aliyesomea, au sheria nyengine ikiruhusu. Lakini mlango wa kwanza wa kuzuia ni nyumba isiyomfukuza mtoto. Na shule pia: serikali ilitoa mwongozo mwaka 2020 wa kuwarudisha wasichana waliozaa darasani. Mzazi anayemficha binti yake amemnyima haki aliyokwisha kupewa.

Haya basi, lifanywe nini? Hatupendi kulia tukaishia hapo. Twataja mambo matano, na hakuna lisilowezekana.

La kwanza: kila msikiti uwe na fungu la mzazi kando ya fungu la mazishi. Zamani, tangu tarehe 1 Juni 2013, ada za uzazi ziliondolewa katika hospitali za serikali, na baadaye mpango wa Linda Mama ukawachukua wazazi bila mchango. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mambo yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa tajiri si kitu. Kwa mchuuzi wa Bondeni au kibarua wa Kaptembwa ni mlima. Mafakiri, maskini na wenye madeni wametajwa katika Sura ya at-Tawba kuwa ni wastahiki wa zaka. Mwanamke asiyeweza kulipia uzazi wake ni nani katika hao, ikiwa si wote watatu?

La pili: yaandikwe majina ya wenye magari na bodaboda watakaokubali kuamshwa usiku, yabandikwe mlangoni mwa msikiti pamoja na nambari zao. Na kila mwenye mkewe mja mzito ajue mapema atampeleka wapi, kwa gari gani, na nani atakayebaki na watoto.

La tatu: damu. Nakuru kuna kituo cha eneo cha huduma ya taifa ya damu. Watoaji wengi nchini ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa akiba hupungua. Wanaume wazima walio na siha wajitoe wakati huo baada ya Sala ya Ijumaa. Chupa moja ya damu yako ni sadaka isiyohitaji mali.

La nne: binti zetu wasomeshwe ukunga na uuguzi. Chuo cha mafunzo ya utabibu kina tawi hapa Nakuru. Twalalamika kuwa wake zetu huzalishwa na wanaume au na wasiojua sitara zetu, na binti aliyefaulu twamweka nyumbani. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la al-Islah Mombasa mwaka 1932, alitumia umri wake kuwaamsha watu wetu katika elimu. Alifariki mwaka 1947, na wengi wetu tungali usingizini.

La tano: tushirikiane na jirani zetu wasiokuwa wa dini yetu. Mji huu una makanisa mengi, una mahekalu ya Wahindi na Masingasinga, na utungu hauulizi dini. Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alishuhudia mapatano ya Fudhul ya kumsaidia aliyedhulumiwa, na baada ya utume alisema kuwa lau angeitwa kwa mfano wake angeitikia. Nchi hii inakumbuka yaliyotokea Nakuru na Naivasha Januari 2008, jirani alipomwinukia jirani, na wanawake wakalala mahemani katika uwanja wa maonyesho. Watu waliochukua wazazi wao kwa gari moja si wepesi kuinuliana mapanga. Na kule Naivasha, katika mashamba ya maua, wako wafanyakazi wanawake wa kila kabila na kila dini. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 imempa mzazi likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Imamu na padri wakienda pamoja kuuliza kama likizo hiyo yatolewa, watasikilizwa zaidi kuliko akienda mmoja.

Ndugu zetu wa pwani, msidhani kuwa haya ni ya bara peke yake. Someni hesabu za kaunti zenu, mhesabu na majeneza ya misikiti yenu, kisha mtuandikie mmefanya nini. Sisi tutaanza na orodha ya magari, kwani ndiyo isiyongoja fedha.

Ewe Mola, uliyempa Maryam maji na tende alipokuwa hana mtu, utujaalie tuwe sababu ya maji na tende kwa wazazi wetu. Uwarehemu mama waliotangulia, uwaponye walio vitandani, na usituulize kesho juu ya nafsi tuliyoweza kuibeba tukaiacha chini. Amin.

Wa billahi tawfiq.